Mwongozo kamili wa kuondoa mpishano wa mistari katika video za VHS bila kuzidisha chenga

Wasomaji wengi waliokwisha kuhamisha kanda zao za VHS kwenye kompyuta wamekwama mahali pamoja. Kanda ilipokuwa bado kwenye deki na televisheni ya kioo kinene, harusi ya shangazi ilikuwa na chenga za kawaida ambazo hakuna aliyezijali. Baada ya kuondoa mpishano wa mistari kwenye kompyuta, chenga zile zile zimegeuka kuwa michirizi inayotetemeka ukutani, au zimetoweka kabisa pamoja na ngozi, nywele na nakshi za kanga, hata waalikwa wakabaki na nyuso kama za nta. Wengi huchukua hatua ya kuongeza kichujio kikali cha kupunguza chenga, na hapo ndipo picha inapoharibika kwa namna isiyorekebishika.

Kabla hujagusa kitufe chochote, elewa jambo moja. Programu inayoondoa mpishano hukisia nusu ya mistari ya kila picha, na kukisia huko hubadili ukubwa, umbo na mwendo wa kila chenga iliyomo. Chenga nyingi mnazopambana nazo hazikuwa na sura hiyo kwenye kanda, bali zimeipata kutokana na mpangilio mliochagua. Kwa hiyo mpangilio wa mpishano hurekebishwa kwanza, na dawa ya chenga huja baadaye, ikiwa bado inahitajika.

Katika mwongozo huu, mpishano ni ule utaratibu wa kurekodi mistari ya namba witiri na ya namba shufwa kwa zamu, na kuuondoa ndiko menyu za programu hukuandika Deinterlace. Kila zamu nitaiita nusu-fremu. Neno chenga nitalitumia kwa vitone vya kielektroniki vya kanda na kamera, na neno punje kwa vile vitone vya asili vya filamu ya sinema, kwa sababu hivi viwili havitibiwi kwa njia moja.

Vitu vinavyohitajika

- Faili la video lililonaswa kutoka kwenye deki bila kuguswa. Kwa kanda za PAL, mfumo wa televisheni uliotumika Tanzania, Kenya, Uganda na Oman, faili hilo linapaswa kuwa na pikseli 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, yaani nusu-fremu 50. Kanda zilizotumwa na jamaa walioko Marekani au Kanada kwa kawaida ni za NTSC, mfumo wa televisheni wa huko, na zitakuwa na pikseli 720 kwa 480 na fremu 29.97.
- Faili liwe la kodeki (njia ya kubana video) isiyopoteza kitu, kama FFV1 au HuffYUV. Tenga takriban GB 30 kwa kila saa ya kanda. Faili la DV, yaani muundo wa kamera za video za kidijitali, ambalo huchukua takriban GB 13 kwa saa, linakubalika pia.
- Programu ya ffmpeg ya kuchakata video kwa amri za maandishi, ambayo ni ya bure.
- AviSynth+ au VapourSynth, programu za kuchakata video kwa hati za maandishi, pamoja na hati ya QTGMC inayoondoa mpishano. Asiyependa kuandika amri anaweza kutumia programu ya Hybrid, inayokusanya vyote hivi ndani ya dirisha moja.
- Kichezeshi cha video ambacho hakiondoi mpishano chenyewe. VLC ina mpangilio wa kuondoa mpishano ambao hujiwasha wenyewe, hivyo uzime kwanza; usipouzima, utakuwa unahukumu kazi ya VLC huku ukidhani ni kazi yako.

Hatua ya 1: Hakikisha faili bado lina nusu-fremu zote mbili

Simamisha video mahali ambapo mtu anapita kwa kasi mbele ya kamera, kisha ikuze hadi asilimia 300. Ukiona meno kama ya kitana kwenye ukingo wa mwili wake, faili ni zima. Usipoona meno yoyote katika tukio lolote lenye mwendo, huenda mpishano ulikwisha kuondolewa bila wewe kujua.

Chanzo kikubwa cha ajali hii ni vile visanduku vya bei nafuu vinavyogeuza waya wa AV kuwa HDMI. Kisanduku hicho huondoa mpishano ndani yake kwa njia dhaifu kuliko zote, hukuza picha hadi pikseli 1280 kwa 720 au 1920 kwa 1080, kisha hukukabidhi chenga zilizokwisha kuyeyushwa na kunyooshwa. Kama faili la VHS lina vipimo hivyo, hakuna mpangilio katika mwongozo huu utakaolisaidia. Irudie kanda kwa kifaa cha USB kinachonasa mistari 576 moja kwa moja, ukitumia programu kama VirtualDub2.

Tahadhari: usikuze wala kupunguza ukubwa wa picha wakati wa kunasa. Programu za kurushia matangazo, OBS ikiwa mojawapo, hupenda kuipanga upya picha ili ienee kwenye turubai yake, na mistari ya nusu-fremu mbili ikishachanganywa kwa njia hiyo haiwezi kutenganishwa tena.

Dalili ya mafanikio: meno ya kitana yanaonekana wazi, kila jino likiwa na unene wa mstari mmoja tu.

Hatua ya 2: Tambua nusu-fremu ipi inatangulia

Mpangilio huu ukikosewa, mwendo hurudi nyuma na kwenda mbele mara 25 kwa sekunde. Kwenye ukuta usio na mwendo kosa halionekani kama kosa la mwendo, bali huonekana kama chenga zimeongezeka, kwa sababu kichujio kinacholinganisha wakati uliopita na ujao kinapewa ratiba iliyopinduliwa. Nimeona watu wakipoteza siku nzima wakirekebisha nguvu ya kupunguza chenga huku kosa likiwa hapa.

Anza kwa kuiuliza ffmpeg:

ffmpeg -i kanda.mkv -t 120 -vf idet -an -f null -

Mwishoni itaandika hesabu ya fremu ilizoziona kuwa TFF, yaani nusu-fremu ya juu hutangulia, na zile za BFF, yaani ya chini hutangulia. Faili za DV za PAL huwa BFF, ilhali vifaa vingi vya kunasa VHS hutoa TFF. Hata hivyo chenga nyingi huweza kuipotosha hesabu hiyo, kwa hiyo thibitisha kwa macho:

ffplay -vf "setfield=tff,separatefields" kanda.mkv

Picha itaonekana fupi, yenye urefu wa nusu, na hilo ni sawa. Simamisha na usogeze hatua moja moja kwenye tukio la mtu anayetembea. Mkono ukisonga mbele kila hatua, TFF ni sahihi. Ukisonga mbele, ukarudi, ukasonga tena, badilisha iwe bff.

Hatua ya 3: Tofautisha kazi ya kamera ya video na kazi ya filamu

Harusi, maulidi na mahafali vilivyorekodiwa kwa kamera ya video vina matukio 50 tofauti kwa sekunde. Sinema iliyorekodiwa kutoka televisheni au kununuliwa kwenye kanda ilipigwa kwa filamu, na katika PAL kila fremu ya filamu hugawanywa katika nusu-fremu mbili za wakati ule ule.

Filamu ya namna hiyo haihitaji kuondolewa mpishano. Ukiiondoa, kila punje iliyokuwa nzima hukatwa katikati, nusu yake hutupwa na kukisiwa upya. Mahali pake patumie kulinganisha nusu-fremu ili kila moja irudishwe kwa mwenzake:

ffmpeg -i sinema.mkv -vf "fieldmatch=order=tff" -c:v ffv1 -c:a copy sinema_nzima.mkv

Sinema iliyo kwenye kanda ya NTSC inahitaji kuongezewa kichujio cha decimate baada ya fieldmatch ili irudi kwenye fremu 23.976. Hatua zinazofuata ni za kazi za kamera ya video.

Hatua ya 4: Kata kipande cha majaribio

Usijaribu mipangilio kwenye kanda nzima. Tafuta sekunde 20 zenye mambo manne kwa pamoja: ukuta mtupu au pazia lenye kivuli, uso wa mtu kwa karibu, nguo yenye nakshi ndogo, na mwendo wa haraka. Ukumbi wa harusi usiku wakati akina mama wanacheza taarabu ni kipande bora kuliko vyote nilivyowahi kutumia, kwani mwanga hafifu huipandisha kamera kwenye kiwango cha juu cha chenga na pindo za kanga hufichua kila kosa la kukisia mistari.

ffmpeg -ss 00:41:10 -t 20 -i kanda.mkv -c copy jaribio.mkv

Hatua ya 5: Tengeneza kipimo cha msingi kwa bwdif

Kipimo hiki hutumia bwdif, kichujio cha ffmpeg cha kuondoa mpishano, na kinakuonyesha chenga zinavyotokea pale programu inapofanya kazi yake bila kulainisha chochote.

ffmpeg -i jaribio.mkv -vf "bwdif=mode=send_field:parity=tff:deint=all" -c:v ffv1 -c:a copy msingi.mkv

Kila neno katika amri hii lina uzito. Neno send_field hutoa fremu 50 kwa sekunde, moja kwa kila nusu-fremu. Send_frame hutoa 25 na kutupa nusu ya mwendo. Kwa upande wa chenga tofauti ni kubwa, kwa sababu jicho huchanganya fremu zinazofuatana upesi, na chenga zinazobadilika mara 50 kwa sekunde huonekana tulivu zaidi kuliko zile zile zikibadilika mara 25. Wanaolalamika kwamba video yao imepata chenga za kukwaruza mara nyingi wamechagua 25 bila kukusudia. Kichujio cha zamani cha yadif, kisipoambiwa kitu, hutoa 25. Neno deint=all nalo hukilazimisha kichujio kushughulikia kila fremu, kwani alama za mpishano kwenye faili lililonaswa haziaminiki.

Sasa ikuze fremu moja ya msingi.mkv hadi asilimia 400 kwenye ukuta mtupu. Utaona mistari ya chenga kali ikipishana na mistari iliyo laini kidogo. Sababu yake ni ya kihesabu. Mstari halisi una chenga zake kamili. Mstari uliokisiwa kwa kuchukua wastani wa majirani wawili wenye chenga zisizohusiana hubaki na takriban asilimia 71 ya nguvu ya chenga. Katika fremu inayofuata zamu hugeuka: waliokuwa laini huwa wakali, na wakali huwa laini. Mabadilishano haya ndiyo yanayoufanya ukuta umetemete, na kwa kuwa mstari uliokisiwa unafanana na majirani zake, kila chenga hunyooka kwenda juu na chini hadi kuonekana ndefu kuliko ilivyokuwa.

Kuna tatizo la pili. Vichujio kama yadif na bwdif hutazama kama pikseli imebadilika kati ya wakati uliopita na ujao. Pikseli iliyotulia hukisiwa kwa kuazima kutoka wakati mwingine, na iliyobadilika hukisiwa kwa kuwatazama majirani wa juu na chini. Chenga kwa asili yake hubadilika kila wakati, hivyo kichujio huiona kama mwendo. Ukuta usiosogea hutendewa kama mchezaji ngoma, na hupoteza ukali ambao ungeweza kubaki.

Ukichagua badala yake njia ya kuchanganya nusu-fremu mbili kuwa moja, chenga zitapungua sana na utafurahi kwa dakika moja, hadi pale mtu atakapopita na kuacha kivuli chake nyuma. Njia ya kutupa nusu-fremu moja na kuurudufu kila mstari huifanya kila chenga kuwa na unene wa mistari miwili. Njia hizi mbili sizishauri kwa kazi yoyote ya kutunza.

Dalili ya mafanikio: hakuna meno ya kitana, mwendo ni laini, na chenga zipo nyingi. Wingi wa chenga hapa usikutishe. Kama chenga za msingi.mkv, zikitazamwa kwenye televisheni kutoka umbali wa kawaida, hazikusumbui, unaweza kuirudia amri hiyo kwa kanda.mkv nzima na kuruka hadi Hatua ya 7, ukiweka msingi.mkv mahali pa B.mkv, na kwa kanda zilizorekodiwa mchana huo ni uamuzi mzuri kabisa.

Hatua ya 6: Tumia QTGMC na uchague hatima ya chenga

QTGMC hufuata mwendo wa vitu kutoka fremu hadi fremu, kisha hulainisha kwa kufuata njia ya mwendo huo. Kitu halisi hubaki mahali pake katika njia hiyo na chenga hazibaki, kwa hiyo kumetameta kwa mistari hutoweka na chenga hupungua hata kama hukuomba. Huu ndio uzuri wake, na ndio mtego uliowaangusha wengi: wanaongeza kichujio kingine juu ya picha iliyokwisha kulainishwa.

Andika faili la jaribio.avs:

LWLibavVideoSource("jaribio.mkv")
AssumeTFF()
QTGMC(Preset="Slow")

Ligeuze kuwa video isiyopoteza kitu, ulipe jina la A, kisha urudie kwa mstari wa mwisho uliobadilishwa kama ifuatavyo.

Kwa B: QTGMC(Preset="Slow", EZKeepGrain=0.6)

Kwa C: QTGMC(Preset="Slow", EZDenoise=2.0)

Katika A, chenga zimepungua kama matokeo ya kando ya kulainisha. Katika B, programu huzitambua chenga kabla ya kazi, kisha hurudisha sehemu yake mwishoni. Katika C, chenga huondolewa kwa makusudi na hakuna kinachorudishwa. EZKeepGrain na EZDenoise haziwezi kutumika pamoja. Ukiziweka zote, hati itakataa kufanya kazi.

Zingatia jambo moja unapolinganisha. Daraja (Preset) za polepole kuliko zote, Very Slow na Placebo, hurudisha sehemu ya chenga zenyewe bila kuagizwa. Anayelinganisha Slow na Very Slow huona chenga zimeongezeka na kudhani daraja la juu lina kasoro, kumbe analinganisha sera mbili tofauti za chenga. Baki kwenye daraja moja katika majaribio yako yote.

Ukishapata mwelekeo, rekebisha vitu vifuatavyo kimoja kimoja, kamwe usiguse viwili kwa wakati mmoja.

Nguvu ya kulainisha kwa wakati inaitwa TR2, na huanzia 0 hadi 3. Ukiipandisha, ukuta hutulia zaidi. Ukiipandisha mno, moshi wa udi, shela ya bibi harusi na mvua hugandamana na kusogea kwa vipande, kwa sababu programu huviona kama chenga. Kwa kanda zenye vitu hivyo mimi hubaki kwenye 1.

Kiasi cha chenga zinazorudishwa kinatawaliwa na GrainRestore na NoiseRestore. Majina yanafanana lakini kazi hazifanani. GrainRestore hurudisha chenga kabla ya ulainishaji wa mwisho, hivyo hurudi zikiwa zimetulia. NoiseRestore huzirudisha baada ya ulainishaji huo, hivyo hurudi zikiwa ghafi na zenye uhai. Kwa kanda ya VHS anza na GrainRestore ya 0.3 na NoiseRestore ya 0.1, pamoja na NoiseProcess=2. Ukiona nyuso bado ni za nta, ongeza ya kwanza. Ongeza ya pili kwa hofu, kwa sababu ndiyo inayorudisha mtetemo.

Chenga zilizotolewa kwenye video yenye mpishano nazo zina mpishano, kwa hiyo nazo lazima zikamilishwe mistari kabla ya kurudishwa. Kazi hii hufanywa na NoiseDeint. Ukichagua "Bob" utapata chenga nene. "DoubleWeave" ni ya haraka, ila chenga zake huchelewa kidogo nyuma ya picha. "Generate" hutengeneza mistari mipya ya chenga zinazofanana na za awali, na ingawa ni ya polepole zaidi, ndiyo ninayoitumia pale ninapotaka chenga zibaki na wembamba wake.

Sharpness hunoa picha iliyolainishwa, na kiwango chake cha kawaida ni 1.0. VHS nyingi tayari zina mikunjo myeupe pembeni mwa vitu kutokana na unoaji wa kamera na wa deki, na kiwango hicho huikuza mikunjo hiyo pamoja na chenga zilizorudishwa. Kishushe hadi kati ya 0.2 na 0.5.

Wapo watakaokuambia uweke Lossless=1 ili usipoteze chochote. Mpangilio huo huibakiza mistari halisi kama ilivyo, na chenga zake zote, kisha mistari iliyokisiwa hubaki laini. Utarudi kwenye kumetameta kule kule kwa Hatua ya 5, na pengine meno ya kitana juu yake. Ukitaka uaminifu zaidi kwa kanda, SourceMatch=3 pamoja na Lossless=2 ni afadhali, ukijua kwamba chenga zitaongezeka.

Kabla ya kuridhika na mpangilio wowote wa B au C, ongeza ShowNoise=true. Badala ya picha utaona zile chenga zilizotenganishwa zikiwa juu ya rangi ya kijivu. Zikiwa vitone vya ovyo visivyo na umbo, kipimo ni sahihi. Ukiona mchoro wa uso, maandishi ya keki au maua ya kanga, basi programu inaviondoa vitu hivyo kwenye picha yako na kuviita chenga, na inabidi upunguze EZDenoise au Sigma (nguvu ya kutenganisha chenga) mpaka michoro hiyo ipotee. Kama ungebaki na somo moja tu kutoka mwongozo huu, ningependa liwe jaribio hili, maana limeokoa sura za wazee wengi ambao hawapo tena kurekodiwa upya.

Tahadhari: usiweke kichujio cha kawaida cha kupunguza chenga kabla ya kuondoa mpishano. Kichujio kinachochanganya pikseli za juu na chini hudhani mistari jirani ni ya wakati mmoja, na huipaka kila nusu-fremu picha ya mwenzake. QTGMC inajua kulikwepa hilo ndani yake. Vichujio vingi havijui.

Dalili ya mafanikio: ukuta umetulia bila kuganda, nyweleo za ngozi na nyuzi za nguo bado zinaonekana, na ukisimamisha fremu yoyote huwezi kutofautisha mstari halisi na uliokisiwa. Ukisharidhika, rudia kwa kanda nzima ukiweka kanda.mkv mahali pa jaribio.mkv. Kwenye kompyuta ya kawaida saa moja ya kanda inaweza kuchukua saa kadhaa, kwa hiyo iache ifanye kazi usiku, na kama umeme wa kwenu hukatika, gawanya kanda katika vipande vya dakika 20.

Hatua ya 7: Shughulikia chenga za rangi peke yake

Baada ya mwangaza kutulia, wengi hugundua mabaka ya zambarau na kijani yanayotambaa ndani ya vivuli. VHS huhifadhi rangi kwa undani mdogo sana kuliko mwangaza, hivyo chenga za rangi ni pana na za taratibu. Unaweza kuzipunguza kwa nguvu bila kuumiza maelezo ya picha, mradi ufanye hivyo baada ya kuondoa mpishano:

ffmpeg -i B.mkv -vf "hqdn3d=1:4:1.5:6" -c:v ffv1 -c:a copy B_rangi.mkv

Namba ya kwanza na ya tatu ni za mwangaza, ya pili na ya nne ni za rangi. Usiandike 0 kwenye mwangaza ukidhani umeuzima. Kichujio hiki huichukulia sifuri kama nafasi tupu na kurudisha kiwango chake cha kawaida cha 4, ambacho ni kikali. Vilevile, kama ulinasa kwa 4:2:2, yaani rangi kwenye kila mstari, usiigeuze video kuwa 4:2:0, yenye mistari nusu ya rangi, kabla ya hatua hii, kwani ugeuzaji usiojua mpishano huchanganya rangi za nusu-fremu mbili na kuacha meno mekundu kwenye kingo.

Dalili ya mafanikio: nguo nyeusi ya bwana harusi inabaki nyeusi, na rangi ya mdomo haivuji nje ya mdomo mtu anapogeuka.

Hatua ya 8: Simba bila kuzipoteza chenga ulizochagua kubaki nazo

Kazi yote inaweza kupotea hapa. Kisimbaji cha H.264 huziona chenga kama taarifa ghali, na kikibanwa huzigeuza viraka vya mraba vinavyorukaruka kila baada ya muda mfupi.

ffmpeg -i B_rangi.mkv -vf "crop=720:564:0:0,pad=720:576:0:6,scale=768:576:flags=spline,setsar=1" -c:v libx264 -preset slow -crf 18 -tune grain -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 192k harusi.mp4

Amri ya crop hukata mistari 12 ya chini, ambako VHS huwa na utepe wa chenga uliopinda usiotibika, na pad hurudisha nafasi hiyo kwa weusi. Kata sasa, kamwe si kabla ya kuondoa mpishano, kwa sababu kukata idadi ya witiri ya mistari kutoka juu hupindua mpangilio wa nusu-fremu. Neno tune grain hukizuia kisimbaji kulainisha chenga, nalo huongeza ukubwa wa faili; kama ulichagua njia ya C na chenga zimekwisha, liondoe.

Ukikusudia kuweka video YouTube, kumbuka kwamba fremu 50 kwa sekunde hubaki pale tu picha inapokuwa na mistari 720 au zaidi. Ikuze hadi 960 kwa 720 kwa kichujio kile kile cha spline. Kichujio cha lanczos kinaweza kuzipa chenga mizunguko myeusi pembeni. Kwa kutuma kwa WhatsApp, tengeneza nakala nyingine kutoka C badala ya B, maana mbano wa huko hauwezi kuzibeba chenga na utazigeuza matope.

Dalili ya mafanikio: tazama harusi.mp4 kwenye televisheni, ukiwa umezima unoaji na upunguzaji wa chenga wa televisheni yenyewe, kisha uisimamishe kwenye uso ule ule uliouchunguza katika Hatua ya 6. Ukiona viraka vya mraba kwenye shavu, shusha crf, yaani kiwango cha mbano, hadi 16 na usimbe tena. Faili la awali lenye mpishano usilifute hata nafasi ikiwa finyu. Linunulie diski ya pili, uandike juu yake tarehe ya harusi, TFF au BFF, na mstari wa QTGMC uliotumia.